Chungu cha Makufuli

Kuvu ilianzia kwenye pindo la khanga nyekundu. Tusekile Mwasomola aliigundua asubuhi, alipopanda ngazi kukagua lile bango kubwa la khanga zilizoungwa pamoja, na kabla hajashuka alikuwa ameshaikuta kwenye khanga ya manjano na nyingine za pembeni. Alikwangua kwa ukucha. Haikutoka. Ilisambaa tu, ikamwachia doa la kijani kidoleni.

Mvua ilikuwa inapiga bati. Ndoo zilizopangwa sakafuni zilikuwa zimeanza kujaa tena. Tusekile alimwaga moja dirishani, akairudisha, akaenda mlangoni kuchungulia barabara ya Mbeya mjini inayoshuka Sokomatola, akarudi, akaenda tena. Tangu masika yaanze alikuwa hawezi kukaa chini. Zaidi ya nusu ya maisha yake alikuwa mtunzaji wa makumbusho ya Nyumba ya Wafunguaji, na sasa nyumba ilikuwa inaoza anaiangalia.

Gari la Hazina ya Taifa lilipoingia uani, alikuwa ameshatoka na mwavuli.

"Karibu, pole na safari. Ndiyo yenyewe hiyo?"

"Ndiyo, mama. Shikamoo." Aliyeshuka alikuwa mwanamume mrefu wa makamo, amevaa ovaroli, amekumbatia kitu kilichofunikwa turubai. "Naitwa Elieza Chilongani. Nishikie mlango tafadhali, hii haipendi maji."

Turubai lilipofunuliwa, Tusekile aliona mashine yenye ukubwa wa cherehani, mbele yake ikiwa na mdomo laini wa mpira. Kwenye karatasi za serikali iliitwa Kisomaji. Watu waliiita Pua.

Hazina ilikuwa na ghala lililochongwa ndani ya mwamba huko Dodoma, baridi na kavu, ambamo kitambaa kingeweza kudumu karne kadhaa. Walikuwa wamekubali kupokea kila kitu kutoka Nyumba ya Wafunguaji kwa sharti moja: kila kitu kisomwe kwanza. Kitu ambacho hakijasomwa hakikuingia mwambani.

"Tuanze na kitu rahisi," Elieza alisema.

Tusekile alimpa kipaza sauti cha mkononi, kile cha maandamano ya kwanza dhidi ya Sheria ya Vibali, kilichopasuka ukingoni. Elieza alikisogeza kwenye mdomo wa mashine. Ukasikika mvumo, kama mtu anayevuta ugoro.

"Inavuta nini?"

"Chochote mtu alichoacha. Ngozi inayopukutika, chumvi ya jasho, mate. Halafu inavilinganisha na Rejesta ya Damu kule Dodoma. Yenyewe haijui kitu, mama. Mtandao ukikatika, hili ni boksi tu."

Kiooni ilitokea sura ya msichana mwenye mwanya. *Subilaga Mwakyusa, marehemu.* Chini yake yakafuata majina ya watoto na wajukuu, kisha mstari wa kijani: *Ndugu wamejulishwa.*

"Wamejulishwa na nani?"

"Na yenyewe. Sheria ya urithi inasema familia ijue kabla ya taifa. Ikishapata jina, inatuma. Hata mimi siwezi kuizuia."

Muda haukupita mrefu simu ya ofisi ikalia. Mwanamke mmoja wa Kyela alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. "Ni kweli? Bibi yetu ndiye aliyekuwa na kipaza? Sisi tulidhani babu anatutungia!" Tusekile naye alijikuta anafuta machozi kwa mkono wenye kuvu. Mpaka mchana walikuwa wamesoma ngoma, filimbi, viatu, na nusu ya khanga za bango, na simu haikupoa. Wale walikuwa wanawake walioandamana mchana kweupe, nyuso zao zikaonekana kwenye televisheni. Hawakuwa na la kuficha. Tusekile alisahau hata ndoo zake.

Ndipo Elieza alipoinua kidole kuelekea rafu ya mwisho, palipokuwa na chungu cha udongo kilichofunikwa.

"Na kile?"

"Kile hapana," Tusekile alisema.

*

Ndani ya chungu kulikuwa na makufuli.

Zamani za Sheria ya Vibali, kila msichana alipovunja ungo aliwekewa kufuli chini ya ngozi ya mkono wa kushoto: kipande cha kauri chembamba, kidogo kama punje ya mchele, chenye kuzuia mimba. Kulitoa kulihitaji kibali cha Idara ya Idadi, na kibali kilikwenda kwa wenye nyumba ya matofali, ajira ya kudumu na mume aliyesajiliwa. Waliobaki walingoja hadi wakakoma hedhi. Ndipo wanawake wa Mbeya na Rungwe walipoanza kufunguana wenyewe jikoni, kwa wembe uliochemshwa kwenye sufuria ya chai. Baadhi yao walitaka kuzaa. Wengine walitaka mkono wao tu, kwa sababu kufuli liliwaumiza, au kwa sababu hakuna aliyewahi kuwauliza. Kila aliyefunguliwa alidondosha lake chunguni, na akaahidiwa kwamba jina lake halitatajwa.

Mtoto aliyezaliwa bila kibali, akigundulika, alichukuliwa akapewa familia yenye kibali. Rejesta iliandikwa upya kana kwamba mama wa kwanza hakuwahi kuwepo.

"Andika kwamba kilipotea," Tusekile alisema.

"Siwezi kuandika kimepotea nami nakiona." Elieza alikuwa amesimama karibu sana na rafu. Mkono wake ulikuwa umegusa ubao, hausogei. "Mama Tusekile, mimi ni wa kugawiwa."

Tusekile alikaa juu ya sanduku.

"Niliambiwa na shangazi siku tuliyomzika baba. Walionilea walinipenda, sina la kuwalaumu. Ila karatasi ya zamani ilisema nilitoka Mbeya, basi. Kazi hii niliiomba kwa ajili ya chungu hiki. Kila kufuli lina damu iliyokaukia ndani. Moja linaweza kuwa la mama yangu. Nikiweka mkono wangu, Rejesta inanipa walionilea tu, mpaka mama ajitoe mwenyewe au kitu chake kisomwe."

"Na mengine?"

"Ya mama za wenzangu. Tuko wengi tunaotafuta."

"Na wao wenyewe je? Wameolewa, wana wajukuu. Ujumbe utaingia kwenye simu za nyumba nzima: mama yenu alizaa kabla yenu, akanyamaza."

"Najua."

"Unajua nini wewe?"

Elieza aliondoa mkono rafuni. "Songea tulisoma wembe wenye damu. Wembe tu. Mwenye damu hiyo alijulishwa saa ileile na watoto wake, wakiwa kanisani kwenye harusi. Alitoka mle peke yake, na hakuna aliyemfuata. Nilimpigia mpaka simu ikazimwa." Alijipangusa uso kwa mikono miwili. "Na bado nataka kukisoma hiki chungu, mama. Sijui nikwambie nini."

Hakuna hata mmoja aliyekula mchana ule. Gari lilitakiwa kuondoka mwisho wa wiki. Tusekile alimimina chai, akaiacha ipoe, akamimina nyingine. Mwishowe alichukua funguo za gari lake.

"Twende Tukuyu," alisema. "Aliyewafungua kwa wembe bado yu hai."

*

Bibi Atuganile alikuwa jikoni kwake, anamenya ndizi na kusikiliza mpira redioni. Alikuwa mwembamba, mkali, mwenye mikono isiyotulia. Waliposalimia aliitikia bila kuzima redio. Walipomaliza kumweleza, aliizima.

"Niliwaapia," alisema. "Nilikishika chungu kile kwa mikono yangu miwili nikawaambia, kinachoingia humu kimeingia kaburini."

"Basi tuzike, bibi," Tusekile alidakia. "Nami ndilo ninalosema."

"Usinikatize. Niliwaapia wale. Huyu," alimnyooshea Elieza kisu cha ndizi, "sikumwapia chochote. Naye alikuwamo tumboni. Nani alimuuliza?"

Elieza aliinamisha kichwa.

"Sasa tufanye nini?" Tusekile aliuliza.

"Sijui!" Bibi alilitupa ganda la ndizi likakosa ndoo. "Mnakuja hapa kama vile mimi nilikuwa na majibu. Nilikuwa na wembe. Waiteni wenyewe wakaseme."

"Wakija kwa ajili ya chungu si watakuwa wamejitaja?"

"Waite wanawake wote wa rika lile. Huyu amekuja kwa ajili ya chungu, yule amekuja kuangalia khanga, nani atawatenganisha? Na mimi mnichukue. Siwezi kukaa hapa kungoja habari."

*

Tangazo lilipita kwenye redio ya mkoa. Siku ilipofika walikuja kwa bajaji, kwa mabasi, wengine kwa miguu kutoka Uyole, wamejifunika dhidi ya mvua, na ukumbi ukajaa harufu ya sweta zilizolowa. Bibi Atuganile alikaa benchi la mbele. Tusekile alisimama kando ya chungu akaeleza yote bila kupunguza: kuvu, Hazina, Pua, ujumbe unaojituma.

Mwanamke mnene aliyejitambulisha kwa jina la Mama Gwakisa alisimama kwanza. "Mimi nisomeni. Mwanangu walimchukua akiwa ananyonya. Maziwa yalinitoka wiki nzima, sina wa kumpa. Mume wangu anajua, watoto wanajua. Nisomeni hata sasa hivi."

"Kaa chini," sauti ilisema kutoka nyuma. "Kufuli lako limechanganyika na langu. Watajuaje lipi lako bila kulisoma langu?"

Aliyesema alikuwa amesimama mlangoni, khanga ya bluu imemfunika mpaka machoni.

"Wewe unaogopa nini mpaka leo?" Mama Gwakisa aliuliza. "Sheria ilishafutwa."

"Sheria imefutwa. Mama mkwe wangu hajafutwa. Mume wangu alinioa kwa kuambiwa sijawahi kuzaa, na nyumba yangu yote imesimama juu ya neno hilo. Unataka niende wapi na uzee huu?"

Ukumbi ulivuma. Wengine walisema asomwe kila mtu, ukweli haumuui mtu. Wengine walisema umeshaua. Mmoja alilia kwa sauti, wala haikujulikana yuko upande gani. Tusekile alikuwa anazunguka nyuma ya meza, huku na huku, akikunja na kukunjua kitambaa. Akasimama.

"Elieza. Hiyo Pua yako inasoma mkono wa mtu aliye hai?"

"Inasoma." Alifikiri. "Lakini kwa aliye hai sheria ni nyingine. Inauliza kwanza. Haitumi kitu mpaka mwenyewe abonyeze."

"Na ina uwezo wa kumlinganisha na watoto wa kugawiwa?"

"Wote waliopo kwenye Rejesta."

"Basi anayetaka hahitaji chungu," Tusekile aliwaambia. "Anahitaji kiganja chake tu."

Mama Gwakisa alikuwa ameshafika mezani kabla sentensi haijaisha. Aliweka mkono kwenye ule mdomo wa mpira, akafumba macho. Mashine ilivuta. Kiooni ikaja sura ya mwanamume mwenye ndevu, fundi magari, Singida. Mama Gwakisa aliikazia macho, akagusa zile ndevu kwa kidole kimoja. "Amenenepa," alisema, kisha akabonyeza.

Wakafuata wengine. Baadhi waliambiwa mtoto hakuwa kwenye Rejesta, wakaondoka mezani taratibu, wameshikwa mabega. Foleni ilipokwisha, Elieza alitazama huku na huku, akavua saa, akaweka mkono wake mwenyewe. Ilikuwa kama kila mtu amejua. Hata mvua ilionekana kupungua. Mashine ilivuta, ikanyamaza. Kiooni yalitokea majina ya wazazi waliomlea Dodoma, basi. Hakuna hata mmoja kati ya waliojitoa aliyekuwa mama yake. Alivaa saa yake tena, akahangaika na kifungo chake kwa muda mrefu.

"Na sisi ambao hatukuweka mkono?" aliuliza yule wa khanga ya bluu. "Chungu kikiondoka na gari, tumeondoka nacho."

"Hazina watakisoma," Elieza alikiri. "Nisipokisoma mimi, atakisoma mwingine. Mkikificha hapa, atakayekikuta atakisoma."

Tusekile alikitazama chungu. Katika kazi yake kulikuwa na amri iliyotangulia zote, aliyofundishwa siku ya kwanza na aliyowafundisha wengine: usioshe. Doa ni ushahidi. Vumbi ni ushahidi. Hakuwahi kuosha hata kikombe cha maonyesho.

"Nitayaosha," alisema.

Elieza aligeuka. "Mama, subiri. Kuna waliokufa. Hao hawana mkono wa kuweka. Watoto wao hawatakuwa na njia nyingine kabisa. Ukiosha umewaoshea na wao."

"Najua."

"Na mama yangu kama ni mmoja wao?"

Tusekile alitaka kumwambia jambo la kumtuliza, akaona lingekuwa uongo. "Basi nitakuwa nimekufutia mama yako," alisema. "Sitakuomba unisamehe, baba. Ila siwezi kuwasaliti walio hai wakiwa wamesimama mbele yangu. Wewe usinisaidie. Hili liwe langu."

Alimtazama Bibi Atuganile. Bibi hakutikisa kichwa wala kukubali. Alikuwa ameuma khanga yake.

Elieza alitoka nje akasimama kwenye mvua.

Walibandika sufuria la shughuli kwenye jiko la gesi. Tusekile aliyamimina makufuli mwenyewe. Yalilia ndani ya sufuria kama kokoto. Akatia maji, yakachemka, akayamwaga, akatia jiki mpaka macho yakawasha watu. Baadhi ya makufuli yalikuwa na uzi wa kahawia kwenye ufa wake, na aliyasugua hayo moja moja kwa mswaki. Wanawake walipita wakiangalia. Wengine walichovya mkono wakasaidia. Mama Gwakisa alikataa kusogea, akageukia ukuta. Tusekile alisugua mpaka vidole vikanyauka, na kila alipofikia lenye damu nyingi mkono wake ulisita, kisha ukaendelea.

Elieza alirudi yamekwisha kukauka, meupe juu ya taulo. Nguo zake zilikuwa zinachuruzika. Bila kusema neno aliiwasha Pua, akalisogeza la kwanza. Mashine ilivuta. *Hakuna mtu.* Akalisogeza la pili. Hakuruka hata moja, wala hakuharakisha, na kila lilipotoka alilirudisha chunguni kwa vidole viwili. *Hakuna mtu. Hakuna mtu.*

Alipomaliza, Tusekile alichukua kadi ya maelezo akaandika: *Makufuli ya wanawake wa Mbeya na Rungwe. Yameoshwa na Tusekile Mwasomola.* Akaifunga kwenye shingo ya chungu.

*

Asubuhi yake walikuwa wanapakia gari. Bango la khanga lilikuwa limekunjwa kwenye karatasi maalumu, na ukuta lilipokuwa limetundikwa ulibaki na alama ya mstatili. Bibi Atuganile alikuwa amelala kwenye kiti ofisini, redio iko mapajani.

Yule mwanamke wa khanga ya bluu aliingia getini. Safari hii khanga ilikuwa begani. Alikuwa na uso mpana wa kawaida, uso ambao Tusekile angepishana nao sokoni kila Jumamosi.

"Yameoshwa yote?" aliuliza.

"Yote."

"Hakuna tena wa kunitaja?"

"Hakuna."

Alivuta kiti, akakaa mbele ya Pua iliyokuwa bado haijafungwa. "Basi ngoja nijitaje. Naitwa Tupokigwe." Akamtazama Elieza. "Washa, mwanangu."

Elieza alijipangusa viganja kwenye ovaroli, mara mbili. Aliwasha. Mama yule aliweka mkono, na mashine ikavuta. Kiooni ikaja sura ya mwanamke, nesi, yuko Njombe.

"Ni binti," Elieza alisema. "Una binti, mama. Ukibonyeza hapa ujumbe unakwenda kwake peke yake. Kwa mumeo hauendi."

Tupokigwe hakubonyeza haraka. Alikaa na ile sura mpaka kioo kikafifia, Elieza akakigusa kikawaka tena, kikafifia, akakigusa tena. Kisha akabonyeza, akakiweka kidole kile mdomoni kana kwamba kimeungua. Baada ya muda simu ya ofisi ililia, naye akaitazama bila kuinuka, mpaka Elieza akamshikia karibu na sikio.

Simu ya Tusekile nayo ililia. Alitoka nayo barazani.

"Samahani mama, naitwa Mwalimu Tweve, niko Makete. Nimechelewa kusikia tangazo lenu. Mimi ni wa kugawiwa. Aliyenilea aliniambia mama alikufa mwaka uleule niliochukuliwa, jina hakulijua. Ila alisikia alifunguliwa huko kwenu. Nimesikia mna chungu."

Tusekile aliegemea nguzo. "Mwalimu, chungu kipo. Lakini makufuli yameoshwa. Hayasomeki tena."

"Nani aliyaosha?"

"Mimi. Naitwa Tusekile Mwasomola."

"Kwa haki gani?"

Alikuwa na jibu alilolipanga usiku kucha, lenye wanawake walio hai na kiapo cha Bibi. Lilimtoka kichwani lote. "Walio hai waliniomba," alisema. "Wa kwako hakuweza kuniomba. Sikuwa na haki juu yake, mwalimu."

Tusekile alingoja atukanwe. Aliona angepumua vizuri zaidi akitukanwa.

"Yanafananaje?" Tweve aliuliza.

"Meupe. Kauri. Madogo kama punje ya mchele, lakini mazito kuliko unavyodhani. Yana tundu upande mmoja. Ukiyashika yanapata joto upesi."

"Naweza kuja kuyashika?"

Tusekile alitazama uani. Elieza alikuwa ametoka ofisini, amemwacha Tupokigwe na simu yake, na sasa alikuwa juu ya gari anakaza kamba ya mwisho. Chungu kilikuwa katikati ya masanduku, kimezungushiwa blanketi.

"Elieza!" aliita. "Nishushie chungu. Kuna mtu anakuja kutoka Makete."

Elieza alitazama saa yake. Mvua ilikuwa inaanza tena, na kwa ratiba ya Hazina walipaswa kuwa wameshafika mbali. Akapiga goti kwenye bodi la gari, akaanza kuifungua kamba.